Msaada: Nikiwasha king'amuzi cha dishi, chaneli sita za king'amuzi cha antena zinapotea

#1 Baba_Neema

Wakuu, habari za jioni. Naombeni msaada wenu kabla waya hazijanivurugia nyumba.

Nakaa Tabata, nyumba ya kupanga, vyumba viwili na sebule. Sebuleni kuna TV ya inchi 43 na chini yake kabati lenye ving'amuzi viwili. Cha dishi ni cha kwangu, kwa ajili ya mpira. Cha antena nilimnunulia mama mkwe alipokuja kutoka Same kutibiwa goti. Yeye anaangalia chumbani kwenye TV ndogo ya zamani. Waya wa antena unaingilia dirisha la sebuleni na mwenye nyumba hataki kusikia habari ya kutoboa ukuta, kwa hiyo king'amuzi chake kimebaki sebuleni, nikavuta zile waya tatu (njano, nyekundu, nyeupe) zikapita chini ya mlango hadi kwake. Akitaka kubadili chaneli ananiita.

Sasa kioja chenyewe. Nikiwasha king'amuzi changu, kwake picha inaganda, inavunjika vipande vipande, sauti inakatakata, halafu maandishi yanakuja kwamba hakuna mawimbi. Nikizima changu, baada ya sekunde tano picha inarudi safi kabisa. Si chaneli zote, ni sita tu, na bahati mbaya ya tamthilia yake imo humo. Nyingine kama ishirini hivi hazina neno.

Mama mkwe ameshaamini namfanyia makusudi. Mke wangu hasemi kitu, na hilo ndilo baya zaidi.

Wajuzi karibuni.

#2 Nyundo_Butu

Mkuu dawa iko wazi, acha kuangalia mpira. Timu yenyewe unayoshangilia tunaijua.

#3 Wa_Buguruni

Antena yako haivuti vizuri. Nenda Kariakoo kachukue busta ya kukuza mawimbi, fundi wa pale mtaani akufungie. Nilikuwa na shida hiyohiyo, sasa hivi namwaga chaneli tu.

#4 Baba_Neema

@Wa_Buguruni busta ninayo mkuu, niliiweka wiki iliyopita baada ya tatizo kuanza. Ile ndogo ya plastiki yenye adapta yake, nimeibandika nyuma ya TV. Ukweli ni kwamba kabla ya busta zilikuwa zinagandaganda. Baada ya busta ndiyo zinapotea jumla.

#5 Kiroboto_Mweusi

Itakuwa mnara wao una matatizo msimu huu wa mvua. Wapigie huduma kwa wateja.

#6 Nyundo_Butu

Mnara unajuaje kama yeye kawasha mpira? 😂

#7 Fundi_Mstaafu

Baba Neema, mnara hauna kosa, na hiyo busta kaa nayo mbali kwanza. Mimi nimefunga antena tangu enzi ambazo bara hakukuwa na kituo hata kimoja cha televisheni, watu wa Dar tunanyanyua mabomba marefu juu ya paa kuidaka TVZ kutoka Unguja. Enzi hizo mwingiliano ulikuwa unauona kwa macho: chengachenga, mistari ya kulala inayopanda taratibu, kivuli cha mtu nyuma ya mtu. Fundi unatazama chenga za namna gani, unajua mkosaji ni nani. Pikipiki ikipita, unaona vidoti. Jirani akisaga maembe kwa mashine, unaona.

Dijitali imetunyang'anya hiyo. Tangu mitambo ya analojia ilipoanza kuzimwa hapa Dar usiku wa 31 Desemba 2012, picha ama ipo nzuri ama haipo. Kelele inaongezeka kimyakimya na wewe huoni kitu, mpaka ifike ukingoni, ndipo picha inadondoka kwa mkupuo. Ndiyo maana watu wanalaumu mvua, mnara na wachawi.

Nijibu haya:
Hizo chaneli sita, ukiingia kwenye menyu ya king'amuzi zinaonyesha ziko masafa gani? Zote masafa mamoja au zimetawanyika?
Mistari miwili ya Nguvu na Ubora wa mawimbi kwenye menyu hiyo inasoma ngapi cha dishi kikiwa kimezimwa, na ngapi kikiwa kimewashwa?
King'amuzi cha dishi kinaingia kwenye TV kwa waya gani?
Na piga picha nyuma ya TV. Usipange kwanza, piga hivyohivyo.

#8 Baba_Neema

Shikamoo mzee wangu. Nimefanya kama ulivyoagiza, nikiwa na tochi ya simu mdomoni.

Chaneli zote sita zinasoma masafa 594 MHz. Zile nzima nyingine ziko 498, nyingine 562.

Kwenye 594, cha dishi kikiwa kimezimwa: Nguvu 92, Ubora 58. Nikiwasha: Nguvu 94, Ubora unacheza kati ya 0 na 15.

Cha dishi kinaingia kwa HDMI. Waya wenyewe ulikuja na deki fulani ya zamani, mwembamba hivi.

Picha hiyo hapo. Naomba msinicheke, hizo waya nilizifunga pamoja mwenyewe kwa vipande vya mpira wa baiskeli ili pawe nadhifu.

#9 Dada_Luku

Mpira wa baiskeli 😂😂 Ila kaka pamependeza, usikate tamaa.

#10 Fundi_Mstaafu

Marahaba. Nilitaka kuona hicho ulichokiona wewe kuwa ni unadhifu. Waya wa antena na waya wa HDMI wamelala kitanda kimoja kwa mita moja na nusu, na busta imekaa katikati yao.

Umeona namba zako? Nguvu ilipanda kutoka 92 hadi 94 huku Ubora ukianguka. Mawimbi hayajapungua, yameongezeka. Kuna kitu kinatangaza humo ndani ya nyumba kwa masafa yaleyale ya mnara, na king'amuzi kinahesabu kelele hiyo kama nguvu.

Fanya jaribio moja tu leo. Washa vyote viwili, subiri picha ya mama ikatike, halafu chomoa HDMI kwenye mgongo wa king'amuzi cha dishi, chenyewe ukiache kimewaka. Usiguse kingine. Niambie.

#11 Baba_Neema

Mzee, nimechomoa HDMI na tamthilia imerudi papo hapo! Nimechomeka, imekufa. Nimerudia mara nne mpaka mama akapiga kelele kutoka chumbani.

#12 Kijana_wa_Kompyuta

Hapo rahisi bro. Mdundo wa HDMI unategemea ukubwa wa picha. Ingia seting za king'amuzi cha dishi, kama kiko 1080i weka 720p au 1080p, mwingiliano utahama masafa.

#13 Fundi_Mstaafu

Kijana umesema kweli, na kwa mtu mwingine ungemponya. Kwa Baba Neema hutafanikiwa, ngoja nieleze maana hapa pana utamu wake.

Ndani ya waya wa HDMI kuna mdundo unaopigwa muda wote, kama ngoma ya kuwaweka wachezaji kwenye mstari. Ukiweka 720p au 1080i, ngoma inapiga 74.25 MHz. Ukiweka 1080p ya kawaida ya picha 50 au 60 kwa sekunde, inapiga 148.5. Ukishuka kwenye ile ndogo ya 576, inapiga 27. Namba hizo zenyewe ziko mbali na televisheni, kwa sababu chaneli za antena huku kwetu zinaanzia 470 na kuishia 694. Shida ni kwamba mdundo wowote mkali kama huo unazaa marudio yake: mara mbili, mara tatu, mara nne, na kuendelea huko juu.

Sasa chukueni kikokotoo. 74.25 mara 8 ni 594. 148.5 mara 4 ni 594. 27 mara 22 ni 594. Njia zote tatu zinakutana mlango mmoja, na mlango huo ni katikati kabisa ya chaneli ya 36, inayoanzia 590 hadi 598. Ndiyo hiyohiyo iliyobeba tamthilia ya mama mkwe wako. Masafa mamoja siku hizi yanabeba vituo vingi kwa pamoja, kama daladala moja yenye abiria wengi. Ikizuiwa, wote wanachelewa.

Jaribu tu hizo seting usiku huu, uone kwa macho yako.

#14 Baba_Neema

Nimejaribu 576, 720, 1080i na 1080p. Zote zimeua. Mzee umenitisha kidogo.

#15 Wa_Kihonda

Wakuu nimeingia kwenye uzi huu kimyakimya lakini sasa nimeshindwa kuvumilia. Mimi niko Morogoro, zangu zinazokatika ziko 522. Nimepiga hesabu ya mzee: chaneli hiyo ni kuanzia 518 hadi 526, na 74.25 mara 7 ni 519.75. Imo ndani! Kiboksi changu cha intaneti kilikuwa 720p. Nimekiweka 1080p sasa hivi, na picha ya antena imetulia kama maji ya mtungi. Miezi mitano nagombana na fundi aliyenifungia antena. Inabidi nikamwombe radhi.

#16 Kijana_wa_Kompyuta

Nilisema mimi 😎

#17 Fundi_Mstaafu

Ulisema. Na Wa_Kihonda kampe fundi wake hata soda.

Baba Neema, kwa kuwa kwako hakuna pa kukimbilia, itabidi tuzibe tundu. HDMI nzima ina ngozi ya chuma ndani, inazuia mdundo usitoke nje. Waya wa antena nao una ngozi yake, inazuia uchafu usiingie. Kwako mmoja anavuja na mwingine ananyonya, na wote nadhani ni wabovu. Jumamosi ukiwa nyumbani fanya hivi, kwa mpangilio huu, na kila hatua andika Ubora umesoma ngapi. Usifanye yote kwa mpigo, hutajua kilichokuponya.

Kwanza chomoa kila kitu kwenye umeme. Kata hizo mpira zako. HDMI ipite upande wa kushoto wa TV, antena kulia. Pakilazimu zikutane, zikate njia panda, zisilale sambamba.

Pili ondoa busta na adapta yake kabisa, antena iingie moja kwa moja kwenye king'amuzi. Hapa angalizo: hakikisha huko juu kwenye bomba hakuna busta nyingine iliyojengwa ndani ya antena. Kama ipo, inakula umeme kupitia waya huohuo, na ukiikatia umeme inageuka kizibo. Ving'amuzi vingi vina sehemu kwenye menyu ya kutuma volti 5 kwa antena, iwashe.

Tatu fungua vichwa vya waya wa antena uangalie ndani. Hapa ndipo ninapotegemea kukuta maiti.

Nne ndipo ununue HDMI mpya, ikibidi.

#18 Wa_Buguruni

Mzee mbona unaipiga vita busta? Mimi yangu inafanya kazi.

#19 Fundi_Mstaafu

Inafanya kazi kwa sababu wewe shida yako ilikuwa waya mrefu, na busta ni dawa ya waya mrefu. Mawimbi yanachoka njiani, unayapa mgongo, na pahala pake ni juu kwenye antena kabla hayajachoka. Ikikaa nyuma ya TV inapokea mawimbi pamoja na kelele zote za sebuleni, inakuza vyote sawasawa, na inaongeza kelele yake kidogo. Halafu hivyo vijumba vya plastiki havizuii kitu. Kwa Baba Neema ilikuwa kama kumpa mlevi kipaza sauti.

#20 Dada_Luku

Mzee na mimi nina langu, sijui kama linahusiana. Redio ya jikoni nasikiliza FM asubuhi nikipika chai. Taa ya sebuleni ikiwashwa, inaanza mikwaruzo, kituo kinafunikwa kabisa. Taa ikizimwa kituo kinarudi. Nilidhani redio imechoka, nikanunua nyingine, hali ileile.

#21 Fundi_Mstaafu

Linahusiana sana binti yangu. Taa za LED zina kiumeme kidogo ndani kinachowasha na kuzima haraka mno ili kubadili umeme wa ukutani. Taa nzuri ina kichujio. Taa ya bei ya kutupa, kichujio ndicho cha kwanza kuachwa kiwandani. Una taa ngapi hapo?

#22 Dada_Luku

Nne, kwenye dari.

#23 Fundi_Mstaafu

Zitoe zote, zikiwa zimezimwa na zimepoa. Rudisha moja, washa, sikiliza redio. Itoe, weka ya pili. Mara nyingi mkosaji ni mmoja na wenzake wanasingiziwa.

#24 Dada_Luku

Ni ya tatu!! Zote nimenunua duka moja siku moja, hiyo ndiyo ya jina tofauti, muuzaji alisema zimeisha zile nyingine akaniwekea hii. Nimeipeleka chooni, huko haina wa kumsumbua.

#25 Mbeba_Boksi_Minnesota

Salamu kutoka kwenye baridi. Uzi mtamu huu. Msidhani ni mambo ya kwetu tu. Huku Marekani, jimbo la Oregon, mji wa Corvallis, Oktoba 2004 kijana mmoja alikuwa zake nyumbani, akasikia hodi. Kufungua mlango, askari na watu wa uokoaji. TV yake ilikuwa inatoa mawimbi ya 121.5 MHz, masafa ya kuomba msaada ya ndege na meli. Setilaiti ikayanasa huko angani, wakadhani kuna ndege imeanguka mtaani kwake. Akaambiwa akiiwasha tena faini ni dola 10,000 kwa siku. Kampuni iliyoitengeneza ikaahidi kumpa nyingine bure.

Na huko Wales, kijiji kinaitwa Aberhosan, miezi kumi na nane intaneti ya kijiji kizima ilikuwa inakufa kila siku saa moja asubuhi. Walibadilisha waya za chini ya ardhi, wapi. Mwaka 2020 mafundi wakaja na kipimo cha mawimbi, wakatembea kijijini alfajiri na mvua, wakaikuta nyumba. TV kuukuu ya mtumba, mwenyewe akiamka anaiwasha. Aliposikia aliona aibu, akaizima moja kwa moja.

#26 Nyundo_Butu

Baba Neema kaa mkao wa kula, helikopta iko njiani Tabata.

#27 Hamisi_Likoni

Mie niko Likoni, Mombasa. Huku kwetu analojia ilizimwa 2015. Langu si la nyumbani nadhani. Jioni za joto, bahari ikiwa shwari kabisa, chaneli mbili za antena zachafuka, usiku wa manane zatengemaa zenyewe. Nimezima kila kitu hadi friji, zaendelea tu. Na jirani pia vivyo hivyo.

#28 Fundi_Mstaafu

Bwana Hamisi, ukishazima mpaka friji na jirani naye analia, umeshajijibu. Hiyo ni bahari. Hewa ya joto ikilala juu ya hewa baridi inayogusa maji, mawimbi yanabanwa katikati yake yanateleza mbali kuliko kawaida, kituo cha ng'ambo kinakuja kukalia masafa ya kituo chako. Sisi enzi zetu tuliifurahia, ndiyo iliyokuwa inatuletea picha za Unguja safi siku nyingine bila kugusa antena. Elekeza antena vizuri kwa mnara wako, na mgongo wake uelekee huko mawimbi ya wageni yanakotoka kama unaweza kubahatisha. Zaidi ya hapo subiri upepo uvume.

#29 Mtu_wa_Mwenge

Na mimi mnara wa simu uko mita hamsini kutoka dirishani. Nikiwa na busta TV haikamati kitu, bila busta inakamata. Kuna uhusiano?

#30 Fundi_Mstaafu

Upo. Soma maandishi kwenye busta, naamini imeandikwa 40 mpaka 862 MHz. Zamani televisheni ilifika huko juu. Masafa ya 790 kwenda juu yakapewa simu, na kuanzia 2015 sehemu yetu ya dunia ikafungua pia 694 hadi 790. Busta yako haijapata habari hizo, bado inameza yote, na mnara wa jirani unaishibisha mpaka inasongwa. Ama kaa bila busta, ama tafuta inayoishia 694, au kichujio kidogo cha kuzuia mawimbi ya simu kinachokaa kabla ya busta. Kikikaa baada ya busta ni bure.

#31 Baba_Neema

MREJESHO WA JUMAMOSI

Wakuu nimeamka saa kumi na mbili. Nimeshusha TV, nimekaa sakafuni na daftari la hesabu la Neema. Kila kipimo hapa nimekichukua 594 na king'amuzi cha dishi kikiwa KIMEWAKA.

Kabla ya kugusa kitu: Ubora 0 hadi 15.

Nimekata mpira, nimetenganisha waya, HDMI kushoto antena kulia: Ubora 34. Picha imekuja lakini inagandaganda.

Nimeondoa busta: Nguvu imeshuka kutoka 94 mpaka 63, nikashtuka, nikataka kuirudisha. Nikaangalia mstari wa pili: Ubora 51! Yaani Nguvu imepungua theluthi na picha imekuwa nzuri zaidi. Picha imetulia, inakwama mara moja kila baada ya dakika mbili tatu hivi.

Nikafungua kichwa cha waya wa antena, kile kinachoingia kwenye king'amuzi. Mzee ulisema nitakuta maiti. Fundi aliyefunga alichuna ngozi ya nje, zile nyuzi laini za kijivu zinazozunguka waya akazikata zote kwa kisu, akasukumia kichwa juu ya plastiki nyeupe, akazungushia selotepu nyeusi. Yaani kile kichwa kilikuwa kinashikwa na selotepu tu, hakigusi ngozi ya waya hata kidogo. Nimevuta kwa vidole viwili kikatoka kama kofia.

Nimekata sentimita tano, nimechuna upya taratibu kwa wembe. Nyuzi za nje nimezikunja kurudi nyuma juu ya gamba, nikahakikisha hakuna hata unywele mmoja unaogusa shaba ya katikati, nikaingiza kichwa kipya cha kuzungusha (nilinunua viwili shilingi elfu moja) mpaka kikabana nyuzi. Upande wa antena nako nikafanya hivyohivyo, nimepanda kwa ngazi, jua lilikuwa kali, waya za umeme ziko mbali upande wa barabarani.

Ubora: 79.

Nimekaa nimeangalia ile 79 kama mtu anayeangalia matokeo ya kidato cha nne.

#32 Kijana_wa_Kompyuta

79 bila HDMI mpya? Safi sana. Kama una waya wa zamani wa kioo cha kompyuta, ule wenye uvimbe mweusi karibu na kichwa, upasue uvimbe huo polepole. Ndani kuna bomba la feraiti, kauri nyeusi ya kuzima kelele za mawimbi. Livishe kwenye HDMI karibu kabisa na king'amuzi cha dishi, litakamata kelele inayotembea juu ya ngozi ya waya.

#33 Fundi_Mstaafu

Hilo nalikubali. Ila feraiti ni tete kama kigae, akipiga nyundo itakuwa unga.

#34 Wa_Kihonda

Swali dogo kabla hatujafunga. Nikishika kichwa cha antena huku mkono mwingine umegusa chuma cha TV, nahisi kama sisimizi wananing'ata. Ni kawaida?

#35 Fundi_Mstaafu

TV na ving'amuzi vyenye plagi ya pini mbili huwa vinavujisha umeme kidogo sana kupitia vichujio vyake vya ndani. Ukiwa navyo viwili vitatu kwenye ekstensheni moja, vinajumlishana unawahisi hao sisimizi. Ndiyo maana nilimwambia Baba Neema achomoe kila kitu ukutani kwanza. Lakini kikikurusha mkono, hao si sisimizi. Zima swichi kuu, ita fundi umeme apime waya wa ardhini wa nyumba, na usiguse antena mpaka amalize. Juu ya paa la bati lenye unyevu hata sisimizi wanatosha kukuangusha.

#36 Mama_Kigoma

Jamani na mimi. Baba yangu ana redio ya masafa mafupi, ana miaka themanini na moja, anasikiliza idhaa za Kiswahili za nje tangu mimi sijazaliwa. Wajukuu walipoleta TV bapa, redio inavuma tu. Anasema TV ina laana.

#37 Fundi_Mstaafu

Mpe mzee shikamoo yangu. Laana hiyo inaitwa pawa saplai, kile kifaa cha ndani kinachobadili umeme wa ukutani. Ya TV na hata chaja ndogo za simu zinatupa kelele nyingi sana huko chini kwenye masafa mafupi, na kelele inasafiri ndani ya nyaya za umeme za nyumba nzima. Redio yake iondoe kwenye umeme aweke betri, akae nayo kibarazani hatua kumi kutoka ukutani, na atundike waya mtupu wa mita tano sita kwenye mti, ncha moja aibane kwenye antena ya redio. Wajukuu wasichomeke chaja kwenye soketi ya karibu naye. Waambie pia TV ikizimwa kwa rimoti bado inavuma, wazime ukutani.

#38 Mama_Kigoma

Mzee amekaa chini ya mwembe tangu saa kumi na mbili jioni na hataki kuingia ndani kula. Asante sana.

#39 Baba_Neema

Mrejesho wa mwisho. Feraiti nimeipata kwenye waya wa kompyuta mbovu ya kazini, sikuipiga nyundo, niliichana kwa kisu cha kukatia karatasi. Ubora 83, haucheki wala haulii. Leo ni siku ya tatu, mpira na tamthilia vinakwenda pamoja, hakuna aliyegandisha mwenzake.

Mama mkwe nilimwonyesha kile kichwa cha waya na selotepu yake. Akakigeuzageuza kiganjani, akasema, "Kumbe hukuwa wewe." Mke wangu amecheka.

Jana dakika ya themanini na nane, penalti imewekwa, mpigaji anarudi nyuma hatua tatu. Nikasikia kutoka chumbani: "Baba Neema! Tangazo hili refu, hebu niwekee ile chaneli nyingine kidogo."

#40 Nyundo_Butu

Ukaenda?

#41 Baba_Neema

King'amuzi kiko mbele yangu, rimoti iko mkononi mwangu, nitasemaje sijasikia? Nilipoinua macho kipa alikuwa ameshadaka.

Kama kuna anayejua namna ya kuifikisha rimoti chumbani bila kutoboa ukuta, nafungua uzi mpya sasa hivi.